Sura ya Nne: Unachompaka Mbwa, Umemlisha

"Mbwa wangu anajikuna usiku kucha. Nimpake nini?"

Swali hili hufika kila siku kwenye madirisha ya maduka ya dawa za mifugo, Mbagala mpaka Kitengela, na mara nyingi hujibiwa kabla muuzaji hajauliza mbwa mwenyewe anajikuna wapi. Anayeuliza ana haraka. Hajalala. Mnyororo umegonga ukuta tangu saa sita, mguu wa nyuma umepiga sakafu ya banda du, du, du, na kulipopambazuka mlinzi wa nyumba ana kiraka chekundu kisicho na manyoya juu ya mkia. Mtu yeyote mwenye huruma angetaka kupaka kitu, chochote kilichopo, ili mnyama apumzike.

Tatizo limo katika neno "nimpake". Mbwa hutibu ngozi yake kwa ulimi na meno. Kilichopakwa ubavuni saa mbili usiku, saa tatu kimeshaingia tumboni. Anayempaka mbwa dawa amemlisha dawa hiyo, na kila ushauri ulio katika sura hii unaanzia hapo.

Muwasho mdogo, kwa maana inayotumika humu, ni ule ambao mbwa bado anakula vizuri na kutikisa mkia, eneo lililoathirika halizidi kiganja cha mkono, ngozi ni nyekundu au kavu lakini haijatoboka, hakuna usaha wala harufu mbaya. Muwasho wa aina hiyo hutulizwa nyumbani kwa maji, kitambaa safi na uangalizi wa siku mbili. Ukivuka hapo ni kazi ya daktari wa mifugo, na mpaka huo utaonyeshwa mwishoni.

Ngozi iliyofichwa na manyoya

Manyoya ya mbwa humdanganya mwenye mbwa. Yanamfanya mnyama aonekane mgumu, kiumbe wa kumwagiwa ndoo ya chochote akajikung'uta na kuendelea na safari. Yakipanguliwa, ngozi ya juu iliyo chini yake ni nyembamba kuliko ya binadamu. Ngozi ya juu ya mtu hujengwa kwa tabaka 10 hadi 15 za seli, yaani chembe ndogo hai zinazofanya mwili. Ya mbwa ina tabaka 3 hadi 5 tu. Ngao yake ni manyoya na mafuta ya asili yanayotoka kwenye mashina ya manyoya hayo. Mafuta yakiondolewa, ngao imeondoka.

Hapo ndipo sabuni ya mche inapofanya madhara bila mtu kukusudia. Kuna kipimo cha uchachu, kinachoitwa pH, kinachoanzia 0 kwa vitu vichachu sana kama tindikali na kupanda mpaka 14 kwa vitu kama magadi makali. Maji safi yako 7. Ngozi ya mtu iko karibu na 5, ya mbwa karibu na 7, na sabuni ya mche inayofulia nguo iko 9 mpaka 10. Mbwa anayeogeshwa kwa sabuni hiyo kila Jumamosi anatoka akiwa mweupe na kung'aa, na kufikia Jumanne ana mba na anajikuna. Mwenyewe anaona bado mchafu, anamwogesha tena. Katika nyumba nyingi ugonjwa wa ngozi wa mbwa umeletwa na usafi.

Jambo la pili la kujua ni kwamba muwasho hujizalisha. Kiroboto akiuma, mwili humwaga pale kemikali inayoitwa histamini, ambayo huleta wekundu, uvimbe na muwasho. Mbwa anakuna. Kucha zinachubua seli, histamini inamwagika zaidi, muwasho unapanda, anakuna tena. Baada ya siku mbili kiroboto aliyeanza anaweza kuwa amekufa zamani, lakini mbwa bado anajikuna kwa sababu ya kujikuna. Kutuliza ngozi nyumbani maana yake ni kukata duara hilo kwa muda wa kutosha ngozi ijifunge.

Kutazama kabla ya kugusa chupa

Mwenye mbwa na ajipe nusu saa ya mchana, penye mwanga wa kutosha, na mtu wa pili wa kumshika kichwa na kumbembeleza. Mbwa anayeumwa anaweza kuuma hata mkono unaomlisha. Mbwa asiyejulikana, au aliyebadilika tabia ghafla, anayetoka mate mengi au kushindwa kumeza, asiguswe kabisa. Huenda ana kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu hauna tiba.

Mahali anapojikuna husema mengi. Shina la mkia, kiuno na nyuma ya mapaja ni eneo la viroboto. Kuna njia rahisi ya kuwathibitisha hata wasipoonekana: mbwa asimamishwe juu ya karatasi nyeupe, achanwe kwa chanuo la meno ya karibukaribu, kisha punje nyeusi zilizoanguka zinyunyiziwe maji. Zikibaki nyeusi ni udongo. Zikiyeyuka na kuacha doa la rangi ya kutu, ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa iliyokwisha kusagwa tumboni mwake. Kipimo hiki hakigharimu chochote na hutoa jibu ndani ya dakika moja.

Kingo za masikio na viwiko vikiwa na magamba makavu, mashaka yaende kwa utitiri wa upele, vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyochimba vijia ndani ya ngozi. Madaktari wa mifugo wana mbinu ya zamani: husugua ukingo wa sikio kwa vidole, na mbwa mwenye upele mara nyingi huanza kupiga mguu wa nyuma hewani kana kwamba anajikuna. Si ushahidi kamili, lakini ni sababu tosha ya kuacha kupaka na kwenda kliniki. Upele huu hurukia watu pia; mtoto anayemkumbatia mbwa huyo hupata vipele vya kuwasha mikononi na tumboni.

Kiraka cha mviringo, manyoya yamekatika kama yaliyonyolewa, ngozi ina unga mweupe: hiyo yaelekea ni choa, ugonjwa wa ukungu wa ngozi, na nao huambukiza watu. Kupe hupenda ndani ya masikio, katikati ya vidole, shingoni chini ya ukanda. Tumbo na kinena, sehemu zisizo na manyoya mengi, huathiriwa na kile mbwa alicholalia: saruji mbichi ya uani, sakafu iliyopigwa deki kwa dawa kali, majani marefu baada ya mvua.

Na upupu. Mbwa anayefuata wawindaji au wachunga mbuzi porini wakati maganda ya upupu yamekauka anaweza kurudi akijisugua pua na tumbo ardhini kama aliyepagawa. Wekundu huo hausababishwi na ugonjwa wowote. Ni vinyweleo vidogo vya lile ganda vilivyochoma ngozi na kuacha ndani yake protini inayowasha. Kusugua ndiko kunakovizamisha zaidi. Vimwagiwe maji mengi yanayotiririka, kisha vifutwe kwa kitambaa kibichi kinachopelekwa upande mmoja tu, na anayefanya kazi hiyo avae glovu.

Kuna uvimbe mwingine ambao watu wa maeneo ya joto wanaujua hata wasipojua jina lake. Unafanana na jipu, lakini juu yake kuna tundu dogo, na ukiutazama kwa utulivu kitu kinacheza ndani. Ni buu wa inzi anayetaga kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo au kwenye nguo mbichi, yule yule anayefanya wazee wetu wasisitize nguo zilizoanikwa nje zipigwe pasi hata kama hazina mikunjo. Buu hukaa ndani ya ngozi kwa siku 8 hadi 12 hivi. Akikamuliwa kwa nguvu angali mzima anaweza kupasuka humo humo na kuleta uvimbe mbaya zaidi. Tundu lake likifunikwa kwa mafuta mazito ya mgando kwa nusu saa, buu hukosa hewa na kujitokeza. Ndipo hubanwa taratibu kutoka pande zote mbili akatoka mzima. Mbwa mwenye mabuu mengi, au mtoto wa mbwa, asifanyiwe hivyo nyumbani.

Maji kwanza

Dawa ya kwanza ya muwasho mdogo ni maji baridi. Wenye mbwa wengi hukata tamaa wakisikia hivyo, maana wametoka nyumbani na pesa mkononi wakitaka kununua kitu. Lakini baridi husinyaza mishipa midogo ya damu, wekundu unapungua, na hisia ya baridi huzidi nguvu hisia ya muwasho inayosafiri kwenda kwenye ubongo. Kinachotakiwa ni ubaridi wa maji ya bomba ya asubuhi au ya mtungi; barafu ikigusa ngozi moja kwa moja huiunguza.

Kwa kiraka kimoja, kukanda kunatosha. Kitambaa safi cha pamba huloweshwa, hukamuliwa kidogo, huwekwa juu ya ngozi bila kusugua kwa dakika 5 hadi 10, mara tatu au nne kwa siku. Kikipata joto la mwili hubadilishwa. Baada ya hapo ngozi ikaushwe kwa kuigusagusa na taulo, kwa sababu unyevu uliobaki chini ya manyoya katika joto la masika ni shamba la bakteria na fangasi wa ngozi.

Muwasho ukiwa umesambaa, mbwa mzima amwagiwe maji kwa kata, kuanzia shingoni kwenda mkiani, kwa dakika 10. Maji ya moto hayafai hata kwa mbwa anayetetemeka. Hufungua mishipa ya damu na kuwasha moto uliokuwa unazimika. Masikio yazibwe kwa pamba ili maji yasiingie, na pamba hizo zihesabiwe wakati wa kuzitoa. Baadhi ya mbwa wamefikishwa kliniki wakiwa na pamba iliyosahaulika ndani ya sikio.

Shampuu? Iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, ndiyo, na isuuzwe mpaka maji yatoke bila povu, kwa kuwa povu lililokaukia mwilini nalo huwasha. Mbwa wa kawaida wa uani hahitaji kuogeshwa kwa sabuni zaidi ya mara moja kwa mwezi.

Vya jikoni na vya bustanini

Kabatini na nyuma ya nyumba kuna vitu vinavyosaidia kweli, vingine husaidia kidogo, na vingine vina sifa kuliko kazi.

Oti, ile nafaka ya uji inayouzwa kwenye pakiti, ndiyo bora kuliko vyote. Ina viambata vinavyopunguza uvimbe wa ngozi, na unga wake hufanya utando laini unaozuia ngozi kukauka. Lazima iwe oti tupu, isiyo na sukari wala vionjo. Kikombe kimoja husagwa kwenye blenda mpaka kiwe unga laini kabisa. Kipimo chake ni hiki: kijiko kimoja kikikorogwa kwenye glasi ya maji, maji yote yawe meupe kama maziwa; unga ukizama chini, usagwe tena. Kisha unga wote hutiwa kwenye beseni la maji ya baridi ya kadiri, mbwa humwagiwa mfululizo kwa dakika 10 hadi 15, halafu husuuzwa kidogo. Uzuri wake mkubwa kuliko wote ni kwamba akijilamba, amelamba uji.

Maji ya chumvi yanafaa mchubuko mdogo. Kijiko kimoja cha chai kilichopigwa usawa, kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, hutoa ukali unaokaribiana na ule wa majimaji ya mwili wenyewe, hivyo husafisha bila kuchoma. Kuzidisha chumvi kwa kudhani ndiyo itaponya haraka ni kumtesa mnyama.

Mafuta ya nazi yana kazi yake kwenye ngozi kavu na nyayo zilizopasuka, yakipakwa kidogo sana, kiasi cha kulainisha ncha za vidole. Mbwa huyapenda na atayalamba, mengi yatamharisha. Kwenye ngozi mbichi yenye majimaji hayafai, kwani hufungia unyevu ndani. Hapo kinachofaa ni kukausha, na maji ya chai ya rangi isiyo na sukari, iliyopoa kabisa, yana tanini, ile inayokausha ulimi mtu anapokunywa chai kali. Pamba iliyochovywa humo ikiwekwa juu kwa dakika 5 hukausha kidogo. Majani yenyewe yawekwe mbali na mdomo wake, maana kafeini ni sumu kwa mbwa.

Alovera, au mshubiri kama unavyoitwa na wengi, unahitaji mkono makini. Ute mweupe wa katikati hupoza ngozi. Utomvu wa manjano ulio chini tu ya ganda ni kitu kingine kabisa. Mbwa akiulamba, tumbo humsokota na kumharisha. Jani likatwe, lisimamishwe mpaka utomvu wa manjano uchuruzike na kuisha, ganda limenywe, na ute uoshwe kwanza. Asiye na subira ya hatua hizo abaki na maji yake.

Na mwarobaini, ambao kila nyumba ya Pwani ina habari zake? Majani yaliyochemshwa, yakachujwa na kupozwa, yamekuwa yakiogeshewa wanyama kwa vizazi, na kama maji ya kusuuzia mwili hayana madhara makubwa kwa mbwa mzima mwenye afya. Mafuta ya mbegu zake ni makali, hayafai kupakwa yakiwa matupu. Hukumu ya haki ni kwamba mwarobaini unaweza kuwakera viroboto, lakini hauwamalizi, na kwa upele wa utitiri mwenye mbwa asiutegemee.

*Kwa ufupi:*

- Nyekundu na kavu: maji baridi, oti, tone la mafuta ya nazi.
- Nyekundu na chepechepe: maji ya chumvi au chai iliyopoa, kisha kukausha, mafuta yasiguse.
- Mchubuko mdogo: maji ya chumvi mara mbili kwa siku.
- Vyovyote iwavyo: kitu kimoja kwa wakati mmoja, ili ijulikane kilichosaidia na kilichodhuru.

Kumnyima ulimi

Mate ya mbwa yanasifiwa kuwa ni dawa. Kulamba mara moja kunaondoa vumbi; kulamba saa nzima kunaacha ngozi imelowa na kuvimba, na mbwa anaweza kugeuza kiraka cha ukubwa wa sarafu kuwa kidonda cha ukubwa wa sahani kwa usiku mmoja.

Kola ya plastiki iliyo kama tarumbeta huuzwa kwenye kliniki za mijini. Pasipo kola, fulana kuukuu ya mtoto hufunika kifua, tumbo na mgongo vizuri sana: kichwa kinapita shingoni, miguu ya mbele mikononi, na upindo unafungwa fundo kiunoni bila kubana. Kwa mguu, soksi ya pamba. Vivuliwe mara kadhaa kwa siku ngozi ipate hewa, na visiachwe vimelowa. Dakika 15 za kumtembeza au kucheza naye mara baada ya kumpaka kitu humsahaulisha mpaka kikauke.

Vinavyoua kwa nia njema

Sehemu hii ingefaa kubandikwa ukutani.

Oili chafu ya gari ndiyo inayoongoza. Mbwa mwenye upele hupakwa oili iliyomwagwa gereji, mwili mzima, akaachwa juani. Wanaofanya hivyo si watu wakatili. Wengi wamewahi kuona upele ukipungua, kwa kuwa mafuta mazito hukosesha hewa baadhi ya utitiri. Wasichokiona ni kinachoendelea ndani. Oili iliyotumika ina metali na masalia ya mafuta yaliyoungua. Huunguza ngozi ile nyembamba ya tabaka 3 hadi 5, hupenya mwilini, na mbwa anapojilamba ili ajisafishe humeza kiasi kinachomtapisha na kudhuru ini na figo. Mafuta ya taa ni vivyo hivyo, na yana hila ya ziada: yakimezwa au kutapikwa, matone machache huteleza mpaka kwenye mapafu na kuleta nimonia.

Dawa ya josho la ng'ombe ni ya pili. Chupa yake imeandikwa kipimo cha ng'ombe, mnyama mzito kuliko mbwa wa uani mara nyingi. Zile zenye kemikali ya amitrazi hutumiwa na madaktari kwa baadhi ya mbwa, kwa kipimo chao. Zikizidi hupunguza mapigo ya moyo, mbwa huyumba kama mlevi na mwili wake hupoa. Zile za jamii ya oganofosfeti, zinazoshambulia mishipa ya fahamu, humtoa mate, humtetemesha na kumdegedua. Mbwa aliyekwisha kumwagiwa aoshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni laini ya maji ya kuoshea vyombo (hapa ndipo sabuni hiyo inapofaa, kwa sababu inakata mafuta), kisha akimbizwe kliniki pamoja na ile chupa. Asitapishwe.

Kitunguu saumu hupewa mbwa ili damu yake "inuke" viroboto wakimbie. Hawakimbii. Vitunguu vyote, saumu na maji, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na dalili huchelewa siku kadhaa, kiasi kwamba mwenye mbwa haunganishi udhaifu wa Ijumaa na kitunguu cha Jumatatu.

Halafu kuna kabati la dawa za watu. Tyubu za mchanganyiko zinazouzwa kwa ajili ya kila ugonjwa wa ngozi mara nyingi zina steroidi, dawa inayozima uvimbe na muwasho upesi. Zikipakwa juu ya choa au baadhi ya aina za upele, wekundu hutoweka na ugonjwa husambaa chini kwa chini. Krimu za vipele vya nepi zenye zinki, na jeli za kuchua misuli zenye diklofenaki, ni sumu zikilambwa. Paracetamol na ibuprofen hazina nafasi kwenye mdomo wa mbwa bila amri ya daktari. Vidonge vya mzio pia visubiri amri hiyo, maana vingi dukani vimechanganywa na dawa za mafua ambazo humdhuru vibaya. Spiriti huchoma na kuua seli zinazojaribu kuziba kidonda.

Nyumba yenye paka iwe na tahadhari ya pekee. Dawa nyingi za viroboto vya mbwa zina pamethrini, ambayo mbwa huivumilia, lakini kwa paka ni sumu kali inayoweza kumuua akipakwa dozi ya mbwa. Hata kulala kifuani pa mbwa aliyepakwa muda mfupi uliopita kunaweza kumdhuru.

Banda ndilo mgonjwa mwingine

Mpangaji anahamia nyumba iliyokaa miezi mitatu bila mtu. Anamleta mbwa wake, msafi, na kesho yake mbwa amejaa viroboto. Jirani anasema ni uchawi wa mwenye nyumba wa zamani. Maelezo yapo, nayo ni ya kuvutia.

Kiroboto jike hutaga mayai 20 hadi 50 kwa siku. Mayai hayashiki kwenye manyoya. Huanguka popote mbwa alipolala. Huangua mabuu yanayokimbia mwanga na kujificha kwenye nyufa, mchangani, chini ya mkeka, yakila ule ule unga mweusi wa damu. Kisha buu hujisokotea kifuko cha nyuzi na kutulia. Kwenye joto safari nzima huisha kwa wiki 3 hivi, lakini aliye ndani ya kifuko anaweza kungoja miezi, mpaka ahisi mtikisiko wa nyayo, joto na pumzi ya kiumbe. Ndipo hutoka. Nyumba tupu ilikuwa inangoja.

Kwa hiyo viroboto wanaoonekana juu ya mbwa ni sehemu ndogo sana ya walio nyumbani, na kumtibu mbwa peke yake ni kuteka maji kwa pakacha. Matandiko yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki na kuanikwa juani. Banda lifagiliwe mpaka kwenye pembe na taka zichomwe au zifungwe kwenye mfuko. Mabuu hufa yakikosa unyevu, hivyo banda lililoinuliwa juu ya ardhi, lenye upepo na jua la asubuhi, linapigana na viroboto kila siku bila gharama. Nyufa za ukuta zizibwe. Humo ndimo kupe wa mbwa wa rangi ya kahawia, anayetaga mayai kwa maelfu, hupenda kujificha. Wanyama wote wa nyumbani watibiwe siku moja, kila mmoja kwa dawa ya aina yake, na kazi hii iendelee miezi mitatu bila kukatiza hata kama kujikuna kumekoma wiki ya pili.

Kupe aliyegandamana hutolewa kwa kibano, akishikwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Kumchoma kwa kiberiti au kumdondoshea mafuta ya taa humfanya atapike ndani ya jeraha kile alichobeba.

Mpaka wa nyumbani

Mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo, bila kusubiri, ikiwa:

- uso au midomo imevimba ghafla, au anapumua kwa shida baada ya kuumwa na nyuki au mdudu mwingine;
- fizi zimepauka, mwili umelegea, au damu inatoka puani, hasa kwa mbwa mwenye kupe;
- kuna usaha, harufu ya kuoza, au kidonda kinakua kati ya asubuhi na jioni;
- ni mtoto wa mbwa chini ya wiki 12, au jike mwenye mimba;
- watu wa nyumbani nao wameanza kujikuna;
- joto la mwili limepita nyuzi 39.5 akiwa ametulia (la kawaida ni 38.3 hadi 39.2);
- kiraka hakijapungua baada ya siku mbili za maji na uangalizi, au kimerudi mara ya tatu.

Hilo la kurudi lina uzito. Mbwa anayewashwa mwaka mzima, akitafuna vidole na kutikisa masikio, huenda ana mzio, yaani mwili wake unapigana na kitu kisicho adui: mate ya kiroboto, vumbi, chavua, au protini ya chakula kama nyama ya ng'ombe au kuku. Hakuna beseni la oti litakalomaliza hilo. Afisa mifugo wa kata ni mahali pazuri pa kuanzia, na kwa visa vigumu zipo kliniki za vyuo vinavyofundisha madaktari wa mifugo, kama Sokoine pale Morogoro, Kabete jijini Nairobi na Makerere kule Kampala. Anayekwenda achukue picha za kiraka cha siku ya kwanza na kila chupa iliyokwisha kutumika, hata ile anayoona aibu kuionyesha. Daktari hawezi kutibu sumu aliyofichwa.

Jioni ya leo, kabla mbwa wako hajafunguliwa kwenda lindoni, mlaze ubavu, pangua manyoya ya shina la mkia, chungulia masikioni na katikati ya vidole, kisha mgeuze tumbo. Ukikuta kiraka, kipime kwa kiganja, andika tarehe, na uanze na maji.